Gitaa Lenye Mapengo

Siku ile Ochan hakwenda Nakivubo kununua gitaa. Alikwenda kutafuta maji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika idara ya maji ya mji wa Kampala, kutafuta maji yaliyopotea ardhini, na chombo chake kilikuwa fimbo ya mti mgumu iliyomfika kifuani, yenye kichwa kilichochongwa kama kikombe kidogo. Ncha ya chini aliiweka juu ya bomba, kichwa akakibana sikioni, akafumba macho. Bomba zima huvuma tu, lakini linalovuja hulia, na Ochan aliweza kukuambia linalia hapa au hatua tatu kule. Kwa miaka tisa alikuwa ametembea hivyo kutoka Nakivubo hadi Mengo, kutoka Mengo hadi Lubaga, akiinama kando ya barabara huku wapita njia wakimcheka na kumwita daktari wa mabomba. Naye hakuwajali. Mtu anayesikiliza kitu kilicho chini ya ardhi hana nafasi ya kusikiliza kejeli.

Duka alilotumwa siku hiyo lilikuwa la vyombo vya muziki zamani. Mwenyewe alikuwa Mhindi mmoja mzee, na mwaka uliotangulia, serikali ilipowafukuza wenzake wote, naye alishika sanduku moja na mkono wa mkewe akaenda zake. Duka akagawiwa sajini mmoja mstaafu ambaye, Mungu amsamehe, hakujua tofauti kati ya tarumbeta na faneli ya mafuta ya taa. Bei alizipanga kwa mng'aro. Kilichong'aa kilikuwa ghali, kilichochubuka kilikuwa rahisi, na katikati ya tarumbeta na masufuria aliuza pia sabuni, siku ambazo sabuni ilipatikana.

Ochan alipata bomba linalovuja nyuma ya duka, akaweka alama ya chokaa, akarudi mbele ili sajini atie sahihi. Pale juu ya kaunta palikuwa na gitaa jekundu, rangi yake imebanduka pembeni, shingo yake ndefu ajabu, nyuzi zake nene kama kamba za viatu vya mgambo.

"Hii nayo inauzwa, afande?"

"Hiyo? Hiyo mbovu," alisema sajini. "Gitaa iko na waya sita. Hii iko na nne. Angalia hapa kichwa, walikata mbele, wakapaka rangi. Mimi najua gitaa, hawezi kunidanganya."

Ochan naye aliangalia. Magitaa aliyokuwa ameyaona kanisani Lubaga yalikuwa na nyuzi sita, na vichwa vyake vilikuwa na funguo tatu upande huu na tatu upande ule. Hili lilikuwa na mbili na mbili. Ni kweli, alijisemea, limekatwa, na nyuzi nyembamba ndizo zimekwenda na kichwa. Wakakubaliana kabisa, mnunuzi na muuzaji, wote wawili wakiwa hawajui kitu.

Aligusa ule uzi mnene kuliko yote kwa kidole gumba. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Sajini alicheka. Ochan naye angecheka akaenda zake, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika fimbo, na mkono una mazoea yake. Aliweka ncha ya fimbo juu ya mbao za gitaa, akabana sikio, akagusa uzi tena.

Sauti haikukaa sikioni. Ilipita, ikaingia kwenye taya, ikayafikia meno ya nyuma, ikateremka kwa mfupa wa shingo hadi kifuani, na huko ikatulia, ikipungua taratibu na kukataa kuisha. Ochan alikuwa amesikiliza mabomba ya nusu ya Kampala, alijua mlio wa chuma na wa saruji, lakini hakuwahi kukutana na kitu kilicho kimya namna ile nje na kikubwa namna ile ndani. Aligusa mara ya tatu ili ahakikishe hajaota. Kisha akatambua kilichokuwa kimemshika roho. Sauti ile ilikuwa ya Onen, kaka yake. Ilikuwa sauti ya lukeme yake kubwa, kile kinanda cha vidole alichokipiga kijijini.

"Unanunua ama unalala?" aliuliza sajini.

Alinunua. Bei haikupita ya jozi ya viatu vya mpira, na sajini alimwona mjinga kiasi kwamba alimwongezea kipande cha sabuni.

Nyumbani kwao kulikuwa Mengo, vyumba viwili katika safu ya vyumba sita vilivyotazama ua mmoja. Mkewe, Concy, alikuwa anashona kwenye kizingiti, na alipomwona mumewe ana fimbo bega moja na gitaa bega la pili, aliweka sindano chini.

"Baba Amito, ni nini hicho?"

"Gitaa."

Concy alilishika, akahesabu nyuzi, akahesabu tena. "Mbona lina mapengo?"

"Nitatafuta meno mengine."

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi kibogoyo," alisema Concy, akacheka hadi akashika ubavu. Binti yao Amito akacheka kwa kuwa mama yake anacheka. Halafu wote wakakumbuka, wakatazama mlango wa chumba cha ndani. Kicheko kilikuwa kimepungua nyumbani mwao, na kilipotoka kilikuwa kinaomba radhi.

Ndani alikuwa Aloyo, mama yake Ochan. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, macho yake kwenye kabati. Ndivyo alivyokuwa akikaa kwa miaka miwili.

Onen, mwanawe wa kwanza, alikuwa koplo jeshini. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwaka wa sabini na moja, miezi michache baada ya serikali ya kijeshi kushika nchi, yeye na wenzake wa Kiacholi, kabila ambalo watawala wapya hawakuliamini, waliitwa gwaride, wakapandishwa lori, na lori likarudi tupu. Rafiki yake mmoja alileta koti lake la kiraia, la rangi ya kahawia, limekunjwa ndani ya gazeti. Alisema maneno matatu tu, "Mama, usiende kuuliza," akaondoka kwa mlango wa nyuma. Aloyo, aliyekuwa amekuja kutoka Kitgum, kwao kaskazini, kwa basi baada ya kusikia minong'ono, alilipokea lile koti, akalitundika ndani ya kabati la mvule ambalo Onen mwenyewe alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akafunga mlango wa kabati. Hakulia.

Kwao mtu akifa analiliwa. Wanawake hupiga yowe hadi mlima wa pili usikie, na siku ikitimia watu hukusanyika wakacheza, nguo za marehemu zikatolewa na kugawanywa, tanga likaanuliwa. Lakini katika Kampala ya miaka ile, kumlilia askari wa namna ya Onen ilikuwa ni kusema ameuawa, na kusema ameuawa ilikuwa ni kusema na aliyemuua. Ukuta ulikuwa na masikio, na masikio yalikuwa na gari lisilo na namba. Kwa hiyo Aloyo alimeza kilio chake siku ile, akakimeza siku ya pili, na baada ya hapo hakikutaka tena kutoka hata alipokuwa peke yake. Jina la mwanawe hakulitaja tena. Chakula alikionja tu. Alisema kifua kinamkaba. Daktari alimpima moyo, akampima mapafu, akasema vyote ni vizima. Ochan alimwona anakauka siku hadi siku, na hofu yake ilikuwa hiyo moja, kwamba kilio kile kingemuua mama yake kabla hakijapata njia ya kutoka.

Na njia aliijua. Shida ni kwamba ilikuwa na kelele. Kabla ya jeshi, Onen alikuwa mpigaji wa lukeme, kile kinanda cha ubao na vyuma vyembamba ambacho Waacholi hukipiga kwa vidole gumba. Kijijini kwao kulikuwa na kikundi cha vijana sita. Watano walipiga zile ndogo zinazolia kama ndege, na Onen alipiga ile kubwa, ya sauti nzito, waliyoiita mama. Kikundi kilikuwa na ada yake. Mwenzao akifa, siku ya kuanua tanga humpigia wimbo wake, na sehemu yake hupigwa na ndugu wa tumbo moja, hapo ndipo mama mzazi hulia kilio cha mwisho akamaliza. Kikundi sasa kilikuwa kimetawanyika, lukeme kubwa ilipotelea kambini, na hata kama ingekuwepo, nani angethubutu? Lukeme ikilia Mengo mwaka ule, mtaa mzima ungejua kuna Waacholi pale, na kuna jambo wanalifanya.

Mtaa wenyewe ulikuwa na Bwana Miwani. Jina lake halisi hakuna aliyeliuliza. Alikuwa amehamia chumba cha jirani miezi sita nyuma, suruali yake pana chini, viatu vyake virefu kisigino, miwani yake myeusi hata mvua ikinyesha. Hakuwa na kazi iliyojulikana, lakini hakuwahi kukosa nyama. Siku ya pili tu baada ya gitaa kufika, alisimama mlangoni bila kubisha.

"Nasikia umenunua gitaa. Leta."

Concy aliacha kushona. Ochan alileta. Bwana Miwani aliweka mguu juu ya kigoda, akakwaruza nyuzi zote nne mara moja, akainamisha sikio. Alikwaruza tena kwa nguvu zaidi.

"Mbona hailii?"

"Imeharibika, afande. Waya mbili hakuna."

"Hii ni gitaa bubu!" Bwana Miwani alicheka, akamrudishia. "Umetupa pesa, wewe. Piga tu. Piga mpaka uchoke, hakuna mtu atasikia."

Akaenda zake. Ochan alisimama na gitaa lake mkononi, na yale maneno ya mwisho yakabaki naye chumbani. Hakuna mtu atasikia.

Kuanzia hapo hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Kila alasiri akitoka kazini alikaa kwenye kigoda, akabana taya lake juu ya pembe ya gitaa kama alivyobana sikio kwenye fimbo, akapiga. Chumba kilikuwa kimya. Concy angeweza kukaa hatua mbili kutoka kwake na asisikie zaidi ya vidole vinavyogusa waya. Lakini ndani ya kichwa cha Ochan kulikuwa na nyumba nzima inayotikisika. Aligundua kwamba sauti moja ikikaa vizuri, ile inayofuata inaijia yenyewe, inapanda juu yake. Aligundua kwamba ukimya kati ya sauti mbili nao una uzito wake. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na mtoto na madoa ya chokaa kwenye suruali, alikaa pale akitabasamu peke yake, na furaha yenyewe ilimtia aibu. Nina haki gani, alijiuliza, ya kufurahi namna hii, na kwa kitu nusu?

Kwa sababu aliamini bado ni nusu. Wimbo wa kaka yake, alidhani, ungehitaji nyuzi zote sita, kwa hiyo alizitafuta zile mbili mji mzima. Aliuliza Nakivubo, aliuliza kanisani, aliuliza kwa wauza baiskeli kama waya wa breki ungefaa. Mwishowe alimpata seremala aliyekubali kuongeza kipande cha mbao kwenye kichwa na kutoboa matundu mawili mapya. Kilichobaki ni waya. Mtu akamwambia amuulize fundi Dawudi.

Fundi Dawudi alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Bombo, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe aliyetengeneza redio chini ya varanda moja karibu na Nakivubo. Ochan alisita kumwendea. Siku zile watu waliwaangalia Wanubi kwa jicho la pembeni, wakiwahesabu wote kuwa watu wa serikali, na Ochan, ambaye yeye mwenyewe alihesabiwa kwa kabila lake kila alipofungua mdomo, alipaswa kuwa wa mwisho kuhesabu hivyo. Lakini woga hauna adabu. Alizunguka varanda ile mara mbili kabla ya kusimama.

"Fundi, nataka waya mbili nyembamba. Seremala ananingojea, anatoboa kichwa leo."

Dawudi aliinua macho kutoka kwenye redio. Aliliona gitaa, akaweka chini chuma chake cha kuunganishia waya, akafuta mikono kwa kanzu, akafuta mara ya pili. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Nani alikuambia hii iko na shida?"

"Afande wa duka. Iko na nne tu. Kichwa walikata."

"Walikata!" Dawudi alifunga macho kama mtu aliyekanyagwa. "Ndugu yangu, sikia. Hii si gitaa ya kukosa. Hii ni besi. Besi iko na waya nne. Hakuna mtu alikata kitu, mama yake alimzaa hivi. Mimi nilipiga hii kitu miaka nane, kwa bendi ya hoteli, mpaka wenzangu wakakimbia mmoja mmoja na bendi ikabaki mimi na mpishi." Aligeuza gitaa, akalitazama mgongoni. "Ya Japani, ya bei rahisi. Lakini mzima. Mzima kabisa. Wallahi ungetoboa hii kichwa, mimi ningelia hapa mbele ya watu."

Wiki saba Ochan alikuwa amekipenda kitu kile kwa huruma, kama mtu anavyompenda mgonjwa, na kumbe muda wote kilikuwa kizima. Alijiona mjinga, na papo hapo akajikuta anacheka, na Dawudi akacheka naye, wakacheka hadi muuza ndizi wa jirani akauliza kuna nini.

"Ngoja," alisema Dawudi. "Hujamsikia bado."

Alichukua waya, akachomeka upande mmoja kwenye gitaa, upande mwingine kwenye tumbo la redio kubwa iliyokuwa wazi mezani, akawasha. "Piga."

Ochan alipiga uzi mnene kwa kidole gumba. Misumari iliyokuwa mezani ilianza kutembea. Vioo vya dirisha la nyuma yao viliitika. Sauti ilipita chini ya miguu ya watu, na mwanamke aliyekuwa anavuka barabara na kikapu cha matoke kichwani akapunguza mwendo bila kujua kwa nini. Ochan aliondoa mkono kana kwamba ameungua, kisha akaurudisha. Alipiga sauti nne za chini, nne alizozijua tangu utoto, na varanda nzima ikawa inapumua pamoja naye. Kumbe hiki ndicho nilichokuwa nakishika, aliwaza. Macho yalimlowa na hakujali nani anamwona.

"Si kwa gumba," alisema Dawudi. "Tumia vidole hivi viwili." Halafu akasikiliza kidogo, akanyanyua mkono. "Hapana. Acha. Endelea na gumba. Nani alikufundisha?"

"Ndugu yangu, mkubwa wangu."

"Yuko wapi?"

Ochan aliangalia nyuzi. Dawudi aliangalia barabara, ambako lori la jeshi lilikuwa linapita polepole. Akainama akazima redio, na mlio ukafa.

"Mimi sikuuliza," alisema kwa sauti ya chini. "Sikia. Bila umeme, besi inataka sanduku. Weka kichwa yake kwa meza, kwa mlango, kwa kitu chochote ya mbao. Mbao kubwa, sauti kubwa. Lakini inabaki ndani ya mbao. Umeelewa?"

Ochan alielewa. Alirudi Mengo karibu anakimbia, na kwa seremala hakupita.

Alingoja Jumapili. Siku hiyo kulikuwa na mechi kubwa katika uwanja wa Nakivubo, na baada ya chakula cha mchana Bwana Miwani alitoa kiti chake uani, akaweka redio magotini, akafungulia mtangazaji kwa sauti ya juu kabisa. Kiti chake hakikuwa mbali na mlango wa akina Ochan hata hatua tano. Concy alitazama kiti kile, akamtazama mumewe, akachukua cherehani yake ya mkono akaenda kukaa kizingitini, kitambaa cheupe kimetandazwa hadi miguuni. Mtu angetaka kuingia angelazimika kwanza kumwomba akusanye shuka.

Ndani, Ochan alilisogeza kabati. Alilivuta likaachana na ukuta wa jirani kwa upana wa kiganja, kisha akaliinua mguu kwa mguu na kuweka magunia yaliyokunjwa chini yake, maana alijua jinsi sauti inavyopita kwenye saruji. Aloyo alimwangalia kutoka mkekani. Kisha Ochan akaweka kigoda, akapakata gitaa, akakisukuma kichwa chake kwenye ubavu wa kabati hadi mbao zikagusana na mbao. Alibana taya lake juu ya pembe ya gitaa. Akapiga.

Chumbani palikuwa kimya. Lakini ndani ya kabati henga za nguo zilianza kugongana polepole.

Aloyo aligeuza kichwa. "Nini kinalia humo?"

"Njoo, Mama."

Alikuja kwa shida, akishika ukuta. Aliweka kiganja juu ya mlango wa kabati na akakitoa haraka, kisha akakirudisha, na vidole vyake vikatandazika. Ochan aliendelea kupiga. Wimbo wa Onen ulikuwa wa kuchekesha, wa ng'ombe mkaidi aliyekataa kuvuka mto Pager huku ukoo mzima ukimsukuma, na sehemu ya chini, ile ya lukeme kubwa, ndiyo ilikuwa ng'ombe mwenyewe, miguu yake minne. Aloyo alisogea. Aliweka shavu lake kwenye mbao. Ochan aliona macho yake yakifunguka makubwa, na akajua kwamba sauti imemwingia kwenye taya, imeyafikia meno ya nyuma, inateremka.

Walikaa hivyo wimbo wote. Nje mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwamba mpira umekwenda kona.

"Umekosea," alisema Aloyo.

Ochan alisimamisha mkono.

"Pale kati. Hakupiga hivyo. Wewe unavuka mto." Alinyanyua kidole, akagonga mbao taratibu, mara mbili, akanyamaza kitambo, akagonga mara ya tatu. "Ng'ombe anasimama pale. Anatazama maji. Onen alikuwa anamsubiri."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili Ochan kusikia jina hilo kinywani mwa mama yake. Hakuthubutu kumtazama. Alirudia tangu mwanzo, akafika pale kati, gumba lake likataka kuendelea, akalizuia. Akasubiri. Ng'ombe alisimama, akatazama maji. Katika ukimya ule mfupi kaka yake alikuwa chumbani zaidi kuliko alivyowahi kuwa tangu lori liondoke, kijana mrefu mwenye mabega yaliyoinama, akiwachekea kwa kuwachelewesha. Kisha Ochan akagusa uzi wa chini kuliko yote.

Aloyo alifungua mdomo wake juu ya mbao za mvule na kilio kikatoka. Hakikusikika chumbani. Alikuwa ameubana mdomo wake wazi kwenye mlango wa kabati, mikono yote miwili imelikumbatia, na kilio kilikwenda moja kwa moja ndani ya mbao. Sikio la nje la Ochan halikusikia ila mtangazaji wa mpira. Lakini kwenye taya lake, kupitia kabati, kupitia shingo ndefu ya lile gitaa la bei ya viatu vya mpira, kilimfikia kizima, kizito, cha miaka miwili, kikashuka kifuani kwake kikakutana na sauti aliyokuwa anaipiga yeye. Miaka tisa alikuwa ametembea mjini akitafuta maji yanayolia gizani, na hakuwahi kusikia chochote kikubwa kama hiki. Alilia naye, lakini mkono hakuusimamisha. Alijua akisimama, kilio kitabaki peke yake. Alipiga wimbo mara ya tatu, mara ya nne, akamsubiri ng'ombe kila mara mahali pake, na mama yake akalia hadi kilio kilipokwisha, na baada ya hapo akahema tu, shavu lake kwenye mbao zilizolowa.

Uani watu walipiga kelele. Goli. Concy, kizingitini, hakugeuka. Cherehani yake ilikuwa inakwenda lakini hapakuwa na uzi kwenye sindano.

Aloyo alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akafungua kabati. Akalitoa lile koti la kahawia, akalikung'uta, akalinusa mara moja, akapita nalo juu ya shuka la Concy hadi nje kwenye jua, ambako hakuwa ametoka siku nyingi, akalianika kwenye kamba. Ochan alimfuata hadi mlangoni, gitaa likiwa bado mkononi.

Bwana Miwani alipunguza redio. "Koti mzuri. Ya nani?"

Aloyo aliweka sawa mabega ya koti juu ya kamba, bega moja na la pili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, lakini kilitosha.

"Ya Onen," alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye nyumbani kwake. "Mtoto yangu mkubwa. Ikipata jua, ni ya huyu."

Bwana Miwani alimtazama Ochan kuanzia miguuni hadi kichwani, akaliona gitaa, akacheka. "Na bubu yako, leo imesema nini?"

"Bado, afande," alisema Ochan.

Yule bwana akaongeza redio, akarudi kwenye mpira wake. Aloyo akamgeukia Concy, akamuuliza kama kuna chakula kilichobaki.